Kikombe Nilichomficha Daktari

Kama umeletewa maandishi haya na mtu anayekupenda, pengine una homa inayopanda jioni na kushuka asubuhi, mgongo unakuuma kama umebeba magunia, na kila unayemwambia anakujibu kwamba ni uchovu tu. Pole sana. Mimi nimepita hapo. Sitakueleza habari za vijidudu, maana mimi si daktari na wewe una simu mkononi. Nitakueleza nilivyoishi, na upumbavu nilioufanya, ili wewe usiufanye.

Naitwa Mwende. Ni Mkamba wa Machakos, nina miaka thelathini na minane, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikitunza wazee kwenye nyumba moja kule Richfield: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, kubishana nao. Mimi na mume wangu Simion tunakaa Blaine, huku huku Minnesota, Marekani, ambako bila gari huendi hata kununua chumvi. Simion ni Mrendille wa Laisamis, kaskazini mwa Kenya, nchi ya ngamia. Tulikutana hapa hapa, kanisani, na wiki ya pili akaniambia kwamba kwao mwanamke mwenye mdomo kama wangu hupewa ngamia mkali amchunge. Nikaolewa naye hivyo hivyo.

Tulikaa miaka tisa bila mtoto. Miaka tisa ya kuulizwa "bado?" kila Jumapili na watu walioshika sahani za pilau. Halafu mwezi wa Novemba, majani ya mwisho yakiwa yanapukutika, kipimo kikasema nina mimba. Nilipima mara nne. Simion alikwenda kukaa ndani ya gari, gereji, akalia huko peke yake, akarudi ndani akisema eti alikuwa anatafuta bisibisi.

Mama yake akaja Januari kwa viza ya miezi sita, atusaidie mpaka mtoto azaliwe. Mwanamke mrefu, mkavu, mcheshi, asiyekaa kwenye kiti kama sakafu ipo. Mimi sijui Kirendille na yeye hajui Kikamba, kwa hiyo kati yetu ni Kiswahili tu: changu cha shule na chake cha sokoni. Alifungua sanduku lake la pili mbele yetu sebuleni. Kulikuwa na blanketi, ndani ya blanketi leso tatu, na ndani ya leso chupa nne za plastiki za lita mbili mbili, bado zina barafu katikati. Zilikuwa zimelala wiki nzima kwenye friza ya binamu yake Simion, Nairobi.

"Hii ni ya ngamia," akasema. "Ni ya damu yako. Macho yako ni nyeupe sana."

"Mama, umepitaje nazo uwanja wa ndege?"

"Waliniuliza kitu na Kizungu. Nikawaambia asante. Wakacheka, nikapita."

Nilichukua sufuria. Kwetu Machakos maziwa yasiyochemshwa ni ya ndama. Lakini Mama alinishika kiganja cha mkono.

"Unafanya nini?"

"Nachemsha."

"Ya ng'ombe ndiyo ya kuchemsha. Hii ukiweka kwa moto umeua dawa. Chombo yake tulifukiza na moshi, imeshatengenezwa. Kunywa."

Sikiliza, mimi ni mtu wa glavu. Kazini nanawa mikono mpaka ngozi inapasuka. Lakini mbele yangu alikuwa amesimama mama mzee aliyebeba maziwa kutoka jangwani mpaka kwenye theluji kwa ajili ya tumbo langu, tumbo ambalo watu walikuwa wameshaanza kulitolea pole. Kitu mama mkwe anachokuletea kwa ajili ya mimba hukiwekei masharti. Nikanywa. Na kusema kweli, niliyapenda. Yalikuwa mepesi, machachu kidogo, na yananukia moshi mtamu. Simion alikunywa nusu kikombe, akasema tumbo lake limeshakuwa la Minnesota, akaacha. Mama alikunywa na mimi. Mimi nilikunywa kikombe kila asubuhi mpaka chupa ya mwisho, na kila asubuhi Mama alinitazama nikimeza kama anayetazama mvua inanyesha.

Homa ilianza Machi, theluji ikiwa chafu pembeni mwa barabara. Ilianza kazini, saa kumi jioni, nikimsaidia bibi mmoja kuvaa soksi. Meno yakagongana. Bibi akaniambia, "Wewe ndiye unayetakiwa kulala hapa." Nilienda nyumbani, nikatoka jasho mpaka shuka zikawa za kukamuliwa, na jasho lenyewe lilikuwa na harufu ngeni, kama majani makavu yaliyoloa. Asubuhi nikaamka mzima. Nikaenda kazini. Jioni ikarudi.

Mambo yakawa hivyo wiki tatu. Zahanati ya kwanza walisema ni mafua. Nilingoja humo saa mbili nikitazama samaki kwenye tangi la vioo, na mmoja alikuwa anaogelea kichwa chini. Nikajiambia huyo na mimi ni hali moja. Zahanati ya pili walisema ni mkojo, wakanipa dawa za siku saba. Magoti yakaanza kuuma, halafu nyonga, halafu mgongo chini kabisa, kiasi kwamba kuendesha gari kutoka Blaine hadi Richfield ilibidi nisimame njiani mara mbili ninyooke. Uso ulikonda huku tumbo likikua. Wanawake wa kanisani walinitazama wakanyamaza, na mimi nawajua: wakinyamaza wana neno.

Wakati huo wote mtoto alikuwa anacheza. Nilimhesabu. Kila jioni homa ikipanda niliweka mkono ubavuni nikahesabu mateke, na nikishafika kumi nilijiruhusu kulia.

Mwanzoni mwa Aprili, nikiwa na miezi sita, siku moja sikufika kumi. Nilifika matatu. Mchana nikaona doa la damu. Simion alitoka kazini, akaja mbio, tukaingia garini sote watatu, Mama akiwa nyuma ameshika begi la nguo. Nje ya hospitali Simion alizima injini, Mama akatangulia kushuka, na Simion akanigeukia.

"Mwende, habari ya maziwa usiitaje."

"Kwani umefikiria ni maziwa?"

"Sijafikiria kitu. Nasema tu. Wakijua Mama aliingiza vitu, hawatampa viza tena. Atazaliwa wa pili Mama asimwone."

Hapo ndipo nilipojua kwamba sote wawili tulikuwa tumeshafikiria, kila mtu kivyake, na kila mtu alikuwa amenyamaza.

Wakanilaza. Wakanifunga mkanda tumboni, na moyo wa mtoto ukasikika chumba kizima, tuku-tuku-tuku, ukikimbia kuliko inavyotakiwa. Dada wa zamu alinipigapiga mguu akasema huyu ni mpiganaji. Kisha akaja daktari wa magonjwa ya kuambukiza, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, akavuta kiti. Aliniuliza kama nimesafiri. Hapana, miaka mitatu sijatoka. Nimeshika wanyama? Hapana. Nimekunywa maziwa ambayo hayakuchemshwa?

Mama alikuwa amekaa pale pembeni, mikono mapajani, akinitabasamia ili nisiogope. Haelewi Kiingereza. Simion alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikasema hapana.

Usinihukumu haraka, au nihukumu, shauri yako. Viza ilikuwa sababu ya Simion. Yangu ilikuwa aibu. Miaka kumi na mmoja kwenye kazi ya afya, halafu niseme nilikunywa maziwa mabichi kama ndama? Na chini ya aibu hiyo kulikuwa na jambo jingine: nilijua kwamba nikisema "ndiyo", siku moja mtu atalazimika kumgeukia yule mama na kumweleza alichonipa. Nilimwonea huruma yeye, nikamsahau aliye tumboni.

Walichukua damu. Siku ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna, ya tatu hakuna. Nilikuwa nawekewa dripu za hii na ile, na homa inakuja saa zake bila kuomba ruhusa. Mama alikuwa akinikanda miguu na kuimba polepole kwa lugha yake. Siku ya tano yule daktari akarudi, akafunga mlango. Mama alikuwa amekwenda na dada mmoja kutafuta chai.

"Mwende," akasema, "kuna kitu kimeota kwenye damu yako. Kinatoka kwa wanyama, na mara nyingi kwenye maziwa. Kwa sababu hatukuwa tunakitegemea, watu wawili wa maabara walikifungua mezani bila kujikinga. Sasa wanameza dawa wiki tatu kwa tahadhari. Nitakuuliza tena, na ninakuuliza kwa sababu nataka huyu mtoto azaliwe."

Watu wawili! Wana majina, wana watoto, sijawahi kuwaona. Nikasema yote. Chupa nne, friza, leso, kikombe kila asubuhi, mwezi mzima. Nilisema huku nalia, na Simion akajifunika uso. Daktari hakupaza sauti. Alisema yeye si askari wa mpakani, yeye anatibu tu, kisha akauliza nani mwingine alikunywa.

Ugonjwa ukapata jina: brusela. Huenda umeshausikia nyumbani, ukidhani ni wa wafugaji peke yao. Alituambia wazi kwamba unaweza kutoa mimba, kwamba tumechelewa lakini hatujachelewa kabisa, na kwamba dawa zitakuwa aina mbili kwa wiki sita, kila siku, bila kuruka hata moja. Mtoto akikaa tumboni mpaka Juni, tutakuwa tumeshinda sehemu kubwa. Hayo ndiyo niliyokwenda nayo nyumbani: mpaka Juni.

Simion hakuniongelesha siku mbili. Siku ya tatu, nikiwa nimelala kochini, akasema, "Umemuuza mama yangu."

"Na mtoto wako ulitaka nimuuze kwa nani?"

"Ulikuwa unaweza kutafuta njia."

"Njia gani, Simion? Niambie njia! Nimetafuta mtoto miaka tisa, halafu nimfie na siri ya chupa za soda?"

Nilirusha kijiko. Hakikumpata. Kijiko kikaingia chini ya kochi, na yeye, mtu mzima na hasira zake, akapiga magoti akakitoa, akakiosha, akanirudishia. Kisha akaleta beseni la maji ya moto, akaitia miguu yangu humo, akakaa sakafuni akiisugua. Ndoa yetu ilipona kwenye beseni lile.

Sasa nikwambie kuhusu dawa, maana hili hakuna aliyeniambia mapema nikashtuka nusu ya kufa. Mkojo unakuwa rangi ya machungwa. Machozi pia. Nililia kwenye foronya nyeupe, asubuhi ikawa na madoa kama ya mchuzi. Tumbo linachafuka, mimi nilimeza na uji wa baridi, ule wa moto ulinishinda. Viungo havikuacha kuuma mara moja. Wiki ya kwanza hakuna nafuu, ya pili homa ikaanza kukosa siku, ya tatu nikapanda ngazi bila kushika ukuta. Andika homa yako kwenye karatasi. Kuna siku utaapa hakuna kinachobadilika, na ile karatasi itakubishia.

Watu walikuja. Mama Esperanse, jirani yetu Mkongomani, alileta sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, kila Alhamisi, akasimama mlangoni, akasema "Courage, mama," yaani jikaze, akaenda zake. Huyo ndiye mgeni bora kuliko wote, maana hakukaa. Wa kanisani wakaja wengi kwa mpigo. Mmoja akaniuliza, "Aki Mwende, ni ukweli uko na ugonjwa ya camel?" Nikamwambia ni kweli, na nikianza kutafuna nyasi za mbele ya nyumba asiniite, aniache nishibe. Walicheka mpaka wakashika mbavu, na baada ya hapo hakuna aliyeninyamazia tena.

Lakini Mama hatukumwambia. Tulisema ni baridi imeniingia kifuani, akaamini, maana baridi ya hapa anaichukia kama adui. Alinifunga blanketi. Aliendelea kusikitika kwamba maziwa yaliisha mapema, kwamba kama angebeba chupa sita nisingeugua. Alipokuwa akisema hivyo mimi na Simion tulitazama ukutani.

Hospitali ikataka damu ya Simion na ya Mama. Ya Simion ilikuwa safi. Ya Mama haikuwa safi. Daktari akapiga simu akasema kwake inaonekana ni ya zamani, huenda ya miaka mingi, na ule mgongo anaoulalamikia si uzee tu. Lazima atibiwe, na lazima aambiwe, kwa lugha anayoielewa, naye mwenyewe. "Sikubali mtafsiri awe mkwe wake," akasema.

Tulikwenda katikati ya Mei. Barafu ilikuwa imeshasahaulika, watu wamevaa kaptura utadhani ni lazima kisheria. Mkalimani wa Kirendille hakupatikana popote, wakapata wa Kiswahili kwenye simu, mwanamume Mtanzania, wakaiweka ile simu mezani.

"Shikamoo, mama yangu," ikasema sauti.

Mama akanigeukia. "Huyu ni redio?"

"Ni mkalimani, Mama. Mjibu."

"Sema na yeye niko mzima."

Daktari akaeleza polepole, na sauti ile ikageuza kila kitu kwa Kiswahili kilichonyooka, cha kusomea taarifa. Kwamba Mama ana ugonjwa unaotokana na maziwa ya wanyama yasiyochemshwa. Kwamba hata Mwende anao. Kwamba homa ya Mwende ndiyo hiyo. Kwamba atapewa dawa.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikingoja. Miezi miwili nilikuwa nimeogopa dakika hiyo kuliko nilivyoogopa sindano zote. Mama akaisogelea simu, akaongea nayo kana kwamba sisi tumetoka nje.

"Uliza daktari. Hii kitu inaweza ua mtoto ndani ya tumbo?"

Mkalimani akageuza. Daktari akasema ndiyo, inaweza, ndiyo maana tunamwangalia Mwende kila wiki.

"Uliza tena. Inaweza ua watatu?"

"Samahani, mama, sijakuelewa vizuri. Watatu gani?"

"Wangu."

Simion aliinua kichwa. Mama hakumtazama. Aliieleza simu. Kabla ya Simion alibeba mimba tatu, na zote zilitoka zikiwa na miezi sita, saba, wakati wa mvua, wakati maziwa ni mengi na yeye anashinda na ngamia wanaozaa. Kila mara ilitangulia homa ya jioni na jasho. Wa tatu alikuwa na nywele tayari. Baada ya huyo wa tatu wanawake wa boma lao walisema ana mkono mbaya. Akina mama wakijifungua, yeye hakupewa mtoto kumshika mpaka mtoto aote meno. Hata Simion, alipozaliwa, alipokewa na mwingine, akakaa na mwingine siku nyingi, yeye akiletewa anyonyeshe na kunyang'anywa tena, na mdogo wake vivyo hivyo. Alimaliza yote hayo bila kupandisha sauti.

Na yule mkalimani, kwa kuwa ndivyo kazi yao inavyotaka, alilazimika kuyasema yote kwa Kiingereza kama yake mwenyewe: mimi nilizika watatu, mimi nilinyimwa watoto wa watu. Sauti yake haikuwa ya redio tena. Alipofika kwenye nywele alisimama, akaomba radhi, akaendelea.

Daktari alivua miwani. Alisema hawezi kujua kwa hakika mambo ya zaidi ya miaka arobaini, na hatamdanganya. Lakini inawezekana sana. Na vyovyote ilivyokuwa, si kitu alichokifanya yeye.

"Kumbe," Mama akasema.

Akafungua leso yake kiunoni, akaifunga upya, akaifungua tena. Ndipo akanigeukia.

"Na mimi nikaleta kwako."

"Uliniletea ulichokuwa nacho, Mama," nikasema. "Ulichonacho chote."

Simion alitoka kitini, akakaa sakafuni, akaweka kichwa kwenye goti la mama yake, jitu lile la futi sita. Mkalimani akauliza kama kuna jambo jingine. Mama akaiambia simu, "Enda salama, mtoto yangu. Umefanya kazi ngumu."

Tangu hapo tulikuwa wagonjwa wawili ndani ya nyumba, na nakwambia ni afadhali. Saa mbili asubuhi tunameza pamoja, yeye kwa chai, mimi kwa uji. Aliponiona natoka chooni aliniuliza, "Leo ni rangi gani? Yangu ni ya machungwa ya Garissa." Alimpigia simu mwanawe mdogo Laisamis, akapiga kelele kwa lugha yao nusu saa nzima, Simion akanitafsiria kwamba anaamuru maziwa ya mjamzito yapande moto, na anayesema moto unaua dawa aje Amerika abishane na yeye. Mgongo wake ukaanza kunyooka. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye kiti.

Nilimaliza dawa zangu mwisho wa Mei. Mtoto alikuwa anafika kumi kila jioni, siku nyingine anapita. Lakini hofu haimalizwi na kidonge cha mwisho. Kila jasho la joto la Juni nilidhani ni lile jasho. Kama wewe umeshamaliza dawa na bado unajigusa paji la uso mara ishirini kwa siku, hujarukwa na akili. Huo ni mwili unaouliza kama ni kweli.

Na nikushauri hili moja, kisha nimalize. Daktari akikuuliza umekunywa nini, mwambie. Mtaje shangazi, mtaje mama mkwe, taja chupa na sanduku. Unayedhani unamlinda huenda ndiye anayehitaji jibu kuliko wewe.

Uchungu ulinishika mwisho wa Juni, wiki tatu kabla ya siku yake. Chumba kilijaa watu waliovaa barakoa, kwa sababu ya damu yangu, wakisubiri lolote. Ilichukua mchana mzima. Alitoka saa kumi jioni, saa ile ile ya homa yangu, msichana mdogo mwekundu, na sekunde ile kabla hajalia ndiyo sekunde ndefu kuliko miaka tisa. Akalia. Akakasirika, akalia tena. Matokeo ya damu yake yalikuja siku za baadaye, safi, lakini mimi niliamini pale pale.

Walimfuta, wakampima, wakamfunga kitambaa. Mimi nilikuwa bado nashonwa. Dada wa zamu akamnyooshea Simion. Simion akamtazama mwanawe, machozi yakamjaa, akatikisa kichwa.

"Mpe mama yangu kwanza."

Mama alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa dirisha. Mikono ameificha ndani ya leso. "Hapana. Hapana, Simion. Shika wewe. Mpe mama yake."

"Mama," nikasema kutoka kitandani, na ninajua nilipaza sauti maana wote waligeuka, "mimi siwezi kumshika sasa hivi. Unataka akae na wageni?"

Akanitazama. Polepole akaitoa mikono, akaigeuza juu, akavitazama viganja kama vya mtu mwingine. Dada akamweka mtoto humo. Mama alikuwa na miaka sitini na kitu, amezaa, amelea, amekuwa bibi, na hajawahi kushika mtoto wa saa moja. Alikuwa amesahau pa kuweka kichwa. Simion akamsaidia kiwiko.

Mtoto akanyamaza. Mama akainamisha uso mpaka ukamgusa, akaongea naye. Angeweza kutumia Kirendille, lakini alitumia Kiswahili, ili na mimi nisikie.

"Unaona?" akamwambia. "Haikuwa mkono yangu."